Mawakili wa walioshikwa waachwe wafanye kazi yao

Mhariri,

Wiki jana ukurasa huu ulikua na barua ya msomaji mmoja aliyekasirishwa na mawakili wanaokimbilia korti kila mara vijana wa maandamano wakishikwa. Anasema hao ni wanasiasa waliovaa joho, ati wanatetea wahuni wapate umaarufu, alafu anamaliza kwa kusema mtu asiye na hatia haogopi, aende tu kituoni ajieleze atatoka. Nimeisoma hiyo barua mara tatu. Sijui umri wa huyo ndugu yangu lakini nafikiri ni kijana, manake mtu aliyekua mkubwa hapa Nairobi mwaka 1986 na 1987 mkono wake ungekataa kuandika hayo maneno ya mwisho.

Mimi si wakili. Nilikua karani kwa ofisi ya wakili mmoja hapa mjini, ofisi ya vyumba viwili, na kazi yangu ilikua kupiga taipu, kupeleka karatasi rejistri ya High Court, kulipia, kungoja muhuri, kurudi na faili. Wakili wangu hakua mtu wa siasa hata kidogo, alikua mtu wa mashamba: kuuza ploti, urithi, ndugu wanaogombania mpaka. Kesi za wafungwa wa kisiasa zilimfuata mlangoni, sababu ya mama mmoja aliyekuja asubuhi na mtoto mgongoni akasema mume wake ni mwalimu, amechukuliwa usiku na watu waliovaa suti, leo ni siku ya tisa, ameenda kituo cha polisi cha Central, ameenda Kileleshwa, ameenda Lang'ata, ameenda Muthangari, kila mahali anaambiwa hapa hatuna mtu kama huyo. Huyo mama hakuomba mume wake aachiliwe. Aliuliza kama kuna karatasi yoyote inaweza kuandikwa ndio mtu amwambie kama ako hai.

Kumbe hiyo karatasi iko. Wanasheria wanaiita habeas corpus, ni kitu cha miaka mingi sana, na maana yake mtu yeyote anaeza kuelewa: jaji anaiambia serikali, huyu mtu mliyemshika mleteni hapa mbele yangu mwenyewe kwa miguu yake, na mnieleze mnamshikilia kwa sheria gani. Haisemi huyo mtu ni mzuri, wala haisemi hana makosa, inataka tu aonekane. Niliipiga taipu mimi, nakala tatu kwa kaboni, na siku tuliyopewa jaji upande wa serikali ukaja na jibu fupi sana kwamba huyo mtu sasa ako kizuizini kwa amri ya waziri chini ya sheria ya usalama wa umma, basi, kesi ikaishia hapo, sababu amri kama hiyo ikishatiwa sahihi majaji wa siku hizo walikua wanafunga faili. Wakili wangu alirudi ofisini akakaa bila kutoa koti. Lakini yule mama alikua analia kwa furaha kwenye ngazi, manake mtu hawezi kuandikiwa amri ya kizuizi kama amekufa.

Hiyo ndio kazi tunayoambiwa ni siasa.

Wale hawakumbuki, au hawakua wamezaliwa, wacha niwaeleze hali ilivyokua. Mwaka 1986 serikali ilianza kusaka watu wa Mwakenya, kikundi cha siri kilichokua kinaipinga, na ukweli ni kwamba neno Mwakenya lilikua linabandikwa mtu yeyote, mhadhiri, mwanafunzi, mkulima aliyepatikana na karatasi hajui hata imeandikwa nini. Walikua wanapelekwa Nyayo House, ile nyumba ya manjano ambayo watu wanapangia laini ya pasipoti mpaka leo, huko chini kwenye basement kukiwa na seli za giza zinazojazwa maji, na juu kabisa kwenye orofa za mwisho kukiwa na vyumba vya kuhojiwa. Sisi tulikua tunapita nje hapo kila siku na faili zetu mkononi. Mtu akishakubali kusema wanachotaka aseme analetwa kortini jioni, wakati makarani wameenda nyumbani na waandishi wengi hawako, hana wakili, anasomewa, anakubali makosa, anafungwa, dakika chache tu kila kitu kimeisha. Nimesimama kwa veranda ya korti jioni nikiona mwanaume anashikiliwa kutembea. Hakuna aliyemuuliza mbona unachechemea, na hilo swali ndilo wakili angeuliza kabla ya kitu kingine chochote.

Hayo si hadithi ya mzee anayelalamika. Mwaka 2010 High Court yenyewe iliwapa fidia watu 21 walioteswa Nyayo House, kwa hivyo imeandikwa kwenye hukumu. Ndugu yangu uliyeandika ile barua, hao walienda kituoni wakajieleza.

Sasa nifike kwa wakili Gibson Kamau Kuria, sababu sioni kama vijana wanafundishwa jina lake. Februari 1987 Kuria aliiandikia serikali kwamba anakusudia kwenda korti kwa niaba ya watu watatu waliokua kizuizini, Mirugi Kariuki, Wanyiri Kihoro na Mukaru Ng'ang'a, kuhusu mateso waliyofanyiwa. Hakuitisha mkutano. Hakuimba wimbo wala kutupa jiwe. Aliandika notisi kama vile wakili yeyote anaandika notisi ya deni la nyumba. Kabla ya mwezi kuisha akashikwa, na yeye pia akawekwa kizuizini, bila kushtakiwa, mpaka Disemba ya mwaka huo. Wakili ameenda kuuliza mteja wake ako wapi akafungiwa huko huko.

Na kuna kitu kilifanyika hapo ambacho kwangu ndio kiini cha haya yote ninayoandika. Mwenzake wa ofisi, Kiraitu Murungi, alichukua zile faili akaendelea na kesi. Najua Kiraitu alikuja akawa mwanasiasa mkubwa na waziri na watu wana maoni yao juu ya siasa zake, mimi siongei juu ya hayo, naongea juu ya hiyo 1987 peke yake, wakati alikua anajua kabisa mwenye kiti kile ameenda wapi na bado akakaa. Sisi makarani wa ofisi zingine tulikua tunaongea kwa sauti ya chini kwenye laini ya rejistri, nani amefaili nini, nani hajaonekana leo. Kuria alipotoka hakubadilika. Mwaka 1988 alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy huko Marekani na hakuweza kwenda kuichukua sababu walikua wamekalia pasipoti yake.

Kabla yake kulikua na wakili John Khaminwa. Huyo 1982 alikua anatetea watu waliowekwa kizuizini akajikuta naye kizuizini, akatoka, akarudi kwa kazi ile ile, na Julai 1990 wakamshika tena. Nasema hivi ili msomaji aone haikua bahati mbaya ya mtu mmoja, ilikua njia iliyopangwa: ukitaka mfungwa asionekane unaanza na yule anayeuliza ako wapi.

Kwetu hatukufungwa. Kwetu ilikuja polepole. Simu ilianza kulia alafu ukishika hakuna mtu. Faili zetu zikawa zinapotea siku ya kesi, mnafika mbele ya jaji karani wa korti anasema faili haijaonekana, mnapewa tarehe ya miezi mitatu mbele, mnarudi, inapatikana chini ya meza. Wateja wa mashamba wakaanza kuja kuchukua hati zao kwa upole, mzee pole lakini nina watoto, na mimi siwalaumu hata leo. Mwenye nyumba akaleta barua tutoke. Wakili wangu alikua na deni la karo na bado kila mama aliyekuja alikaribishwa akae, na nataka huyo msomaji anayesema mawakili wa namna hii wanatafuta umaarufu ajue kwamba nilimuona mtu akipoteza karibu kila kitu alichokua amejenga kwa miaka kumi na tano na gazeti halijawahi kuandika jina lake hata mara moja.

Lakini mawakili peke yao hawatoshi, na hapa ndio naomba watu wasikilize vizuri, manake tunaongea juu ya uhuru wa korti kama ni jambo la majaji na mishahara yao. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja lilipitisha mabadiliko ya katiba kwa haraka sana, na kwa mabadiliko hayo jaji wa High Court akawa mtu anayeweza kufutwa na Rais, na mtu aliyeshikwa kwa makosa ya kunyongwa akawa anaweza kukaa na polisi siku 14 badala ya saa 24 kabla ya kuletwa kortini. Angalia hizo mbili zilivyokuja pamoja. Siku 14 za kukaa na mtu chini ya nyumba bila kuonekana, na jaji ambaye akiuliza anaweza kuamka bila kazi. Sidhani aliyeandika hiyo sheria aliziweka pamoja kwa kukosea.

Nilikua naona majaji kwa macho yangu wakati huo. Kulikua na wale walikua wazuri kabisa kwa kesi ya shamba, makini, wanasoma kila karatasi, na ukiwaletea ya mfungwa wa kisiasa wanakua watu wengine, hawakuangalii machoni. Mwaka 1989 korti ilifika kiasi cha kusema kifungu cha 84 cha katiba, kile kilichompa mwananchi ruhusa ya kuja kortini kudai haki zake, hakiwezi kutumika kwa sababu Jaji Mkuu hajaandika kanuni za kukitumia. Yaani haki ziko kwa katiba lakini mlango wa kuzifikia umefungwa na ufunguo ako nao mwenye nyumba. Wakili wangu aliposoma hiyo hukumu aliniambia nifunge ofisi mapema twende nyumbani. Hiyo miaka yote niliyofanya na yeye hiyo ndio siku moja tu tulifunga mapema.

Alafu ikaja 1990. Wanasiasa Matiba, Rubia na Raila wakawekwa kizuizini mwanzo wa Julai, maandamano ya Saba Saba, Julai 7, yakalipuka, uwanja wa Kamukunji kukawa moshi, na ndani ya siku hizo hizo wakashika mawakili: Khaminwa, Gitobu Imanyara wa jarida la Nairobi Law Monthly, Mohamed Ibrahim. Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani akatoka nchini. Na mwezi uliofuata, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mwanzo wa Septemba, Umoja wa Mataifa ulikua na mkutano Havana, Cuba, wakapitisha kanuni juu ya kazi ya mawakili, na ile ya 18 inasema wakili asihesabiwe kuwa kitu kimoja na mteja wake au na mambo ya mteja wake kwa sababu tu amefanya kazi yake. Mimi niliijua hiyo kanuni miaka mingi baadaye nikiwa nimestaafu. Nilishangaa kwamba watu walikua wanaandika hiyo kitu mbali hivyo wiki zile zile sisi hapa tulikua tunahesabu mawakili waliobaki.

Mwaka uliofuata, Machi 1991, Paul Muite alichaguliwa mwenyekiti wa LSK, chama cha mawakili wa Kenya, akasimama akataka walio kizuizini waachiliwe na vyama vingine viruhusiwe, na korti ikatoa amri ya kumzuia kufanya kazi ya mwenyekiti. Kwa hivyo hata chama cha mawakili kilikua kinapigwa kwa mkono wa korti. Na akina mama wa wafungwa walipokaa Uhuru Park mwaka 1992 wakafukuzwa kwa vitoa machozi na rungu, wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa huko miezi, wengi wao wazee kuliko mimi nilivyo sasa. Yule mama wa kwanza nilimuona hapo. Mtoto alikua anatembea.

Leo katiba ya 2010 imeandika hayo yote upande wetu. Kifungu cha 49, ukishikwa uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoelewa, uongee na wakili, uletwe kortini kabla ya saa 24 kuisha. Kifungu cha 25 kinataja mambo ambayo hayawezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata vita, hata hali ya hatari: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikizwa kwa haki, na ile karatasi yangu ya habeas corpus. Kifungu cha 160 kinasema korti haiko chini ya amri ya mtu. Nilipoisoma hiyo ya 25 mara ya kwanza nilienda nikamsomea wakili wangu, alikua mgonjwa tayari, akaniambia soma tena.

Lakini maandishi hayajishiki mkono yenyewe. Agosti 2024, baada ya yale maandamano ya Juni ya vijana wa Gen Z na Bunge kuingiliwa, wanaume watatu walichukuliwa Kitengela na watu ambao hawakujitambulisha. LSK ikiongozwa na Faith Odhiambo ikaenda korti na ile ile karatasi. Jaji Lawrence Mugambi akaagiza kaimu Inspekta Jenerali wa polisi aje mwenyewe aeleze, hakuja, akaitwa tena na tena, hakuja, na Septemba 13 jaji akampa kifungo cha miezi sita kwa kudharau korti, akimwachia siku saba aje ajiokoe. Siku chache baadaye tukasikia walinzi wa huyo jaji wameondolewa. Jaji Mkuu Martha Koome alisema wazi kwamba huko ni kuingilia uhuru wa korti. Septemba 20 wale watatu wakapatikana wakiwa hai.

Mimi nilikua nyumbani nasikiza redio na nikasimama, sababu nilikua nimeona hiyo kesi miaka 37 nyuma ikienda upande ule mwingine. Karatasi ni ile ile na serikali ilinyamaza vile vile, tofauti ilikua jaji mmoja hakuangalia chini. Na tafadhali muone kilichompata, 1988 walimtishia jaji na kazi yake na 2024 ni walinzi wake.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa barua. Kuna kitu kimoja amesema ambacho siwezi kukiruka, anasema kuna walioiba na kuchoma. Ni kweli. Duka la simu la mpwa wangu lilivunjwa kwenye maandamano ya Juni 2025, walibeba kila kitu mpaka viti, na mkopo bado analipa. Nikimjua aliyefanya hivyo nitaenda kutoa ushahidi mimi mwenyewe na miguu yangu mibaya hii. Lakini nataka afungwe na hakimu mchana watu wakiona, shahidi akiulizwa, na wakili wake akipinga mpaka mwisho, sababu bila hivyo sitajua kamwe kama aliyefungwa ndiye aliyevunja lile duka au ni kijana aliyekua anapita akiwa na simu yenye picha ya bendera. Mwaka huo huo 2025 kuna vijana walishtakiwa kwa sheria ya ugaidi. Kosa la ugaidi ni zito sana, mtu hawezi kuachwa alijibu peke yake ati kwa sababu kuna watu hawapendi maandamano.

Na wakili anayemtetea huyo mwizi hajaiba. Daktari anayemtibu mwizi aliyepigwa na watu hatumuiti mwizi, tunamuita daktari. Sielewi kwa nini kwa wakili tunabadilisha.

Nina maombi machache. LSK iendelee kuwalinda mawakili vijana wanaofanya kazi hizi bila malipo, hasa walio nje ya Nairobi ambako OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anamjua wakili, anajua nyumba yake na shule ya watoto wake, huko ndio kugumu zaidi kuliko korti ya Milimani mbele ya kamera. Ulinzi wa majaji usikae mkononi mwa ofisi ambayo jaji anaweza kuiita kizimbani. Na nyinyi wahariri, mtu akichukuliwa msiandike habari siku ya kwanza mkanyamaza, andikeni leo ni siku ya tatu, leo ni ya nne, sababu nimeona vile mtu anasahauliwa.

Kwa familia ambazo zitapatwa na hili, nawaandikia yale nilikua nawauliza watu walipokuja ofisini, mjiandae nayo. Andika saa na mahali, namba ya gari hata kama ni nusu, rangi yake, watu walikua wangapi na nguo gani, nani aliona, na umuombe asifute alichorekodi. Nenda kituo kilicho karibu uandikishe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, usikubali kuambiwa kuja kesho, na usitoke bila namba ya OB imeandikwa kwa karatasi. Alafu tafuta wakili siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Jina lote la mtu kama lilivyo kwa kitambulisho, tulikua tunapoteza siku nzima kwa sababu ya herufi moja. Na dawa, kama ana ugonjwa wowote mwambie wakili aiweke kwenye hati ya kiapo, jaji akisoma kwamba mtu ana sukari na ana siku mbili bila sindano anaiita hiyo kesi mbele.

Karani mstaafu,
Nairobi